Pumu ya ngozi: enzi za kufunga watoto mikono

Kama una kichanga mwenye pumu ya ngozi kali, unajua: mashavu yanatoa majimaji, anajikuna hadi damu, usiku halali mtu. Sasa mfikirie mama wa Marekani miaka ya 1930. Dawa ilikuwa marhamu ya lami ya makaa ya mawe, inayonuka na kuchafua mashuka, na mtoto alifungwa kadibodi viwikoni asikunje mkono kujikuna.

Mwaka 1933 Fred Wise na Marion Sulzberger, madaktari wa New York, waliupa ugonjwa jina la dematitisi ya atopia, kwa sababu huandamana na pumu na mafua ya mzio katika familia zilezile. (Kiswahili chetu hakikukosea basi!)

Mwaka 1952 Sulzberger huyohuyo na Victor Witten waliripoti kuwa haidrokotisoni ya kupaka hutuliza ngozi iliyovimba. Hapo ndipo mambo yalibadilika kweli. Krimu hiyo ipo famasi hadi leo, na wazazi wengi wanaiogopa, maana jamaa yake klobetasoli wanaijua kwenye mikorogo. Usizichanganye. Klobetasoli ina nguvu mara nyingi zaidi, kwa hiyo muulize daktari kakuandikia ipi na upake siku ngapi.

Halafu 2006, watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wamerithi kasoro kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia ngozi kutunza maji. Ngozi inavuja, ndiyo maana unaambiwa umpake mafuta mazito akitoka tu kuoga. Mama hakula kitu kibaya.