Nyasi Zing'olewe, Uwanja Ubaki

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wiki hii, msikilizaji mpenzi, naomba tuufungue mlango wa uwanja wa mpira tuone kilichomo. Je, mna nyasi tu, au mna na kitu kingine?

Nauliza hivyo kwa sababu kila unapotajwa mpango wa kung'oa nyasi za uwanja fulani na kuweka mpya, hasa zile za bandia, washabiki hugawanyika. Wako wanaoshangilia wakisema sasa mpira utatembea chini. Wako wanaonuna wakisema uwanja wao unauawa. Wote ni wapenzi wa kandanda, na wote wana hoja.

Twende Kusini, katika pwani ya Kilwa na Lindi, tuone hoja hizo zilikotoka.

Watu wazima mtakumbuka safari ya Lindi kabla ya mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa kuvuka Mto Rufiji. Basi lilisubiri kivuko pale Ndundu, na masika likikukuta njiani, ulilala kwenye tope. Kwa hiyo timu kubwa ya Dar es Salaam kufika Lindi lilikuwa jambo la kusimuliwa mwaka mzima. Sisi tuliokuwa watoto miaka ile ya 1980 mpira tuliusikia zaidi ya kuuona. Betri za redio zikichoka zilianikwa juani juu ya bati zipate nguvu ya dakika tisini. Siku timu ilipokuja kweli, uwanja ulikuwa pahala pekee ambapo Kusini ilijiona nayo imo katika nchi.

Tena viwanja hivi havikushuka kutoka mbinguni. Vingi vya mikoani vilijengwa enzi za chama kimoja, kwa michango na nguvu za wananchi. Wengine walikatwa mishahara, wengine walibeba mawe. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, viwanja kama Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya na Majimaji wa Songea vilibaki mikononi mwa CCM, na mjadala wa nani hasa ni mwenye mali haujesha. Hatuumalizi leo. Ila unatusaidia kuelewa kwa nini mzee aliyechangia senti zake hukasirika anapoona tingatinga linaingia uwanjani bila yeye kuambiwa lolote. Anajua kwamba zile si nyasi za mtu mmoja.

Hata hivyo, mapenzi peke yake hayatoshi. Tazameni yaliyowapata ndugu zetu wa Ruangwa.

Mwaka 2019 Namungo, timu ya Ruangwa, ilipanda Ligi Kuu. Msimu wake wa kwanza tu ikamaliza nafasi ya nne, na Agosti 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho kule Sumbawanga. Ilifungwa na Simba mabao 2-1, lakini kwa kuwa Simba walikuwa tayari wanakwenda Ligi ya Mabingwa, Namungo wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Wakawatoa Primeiro de Agosto wa Angola na kuingia hatua ya makundi, kundi moja na Raja Casablanca, Pyramids wa Misri na Nkana wa Zambia.

Waarabu wa Casablanca na Cairo walikuja kucheza na timu ya Ruangwa. Lakini hawakufika Ruangwa. Mechi za nyumbani zilichezwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, kwa sababu mechi za ngazi hiyo zinataka uwanja wenye vigezo vya Shirikisho la Afrika. Namungo walipoteza mechi zote sita za kundi. Sisemi wangecheza kwao wangeshinda. Nasema mkulima wa korosho na ufuta, aliyeipigia makofi timu ile toka ilipokuwa ya mtaani, siku kubwa kuliko zote aliisikia redioni, kama sisi wa betri za kuanika.

Hasara ya uwanja usiotengenezwa ndiyo hiyo. Nyasi za zamani zinabaki, lakini mpira unahama. Na ukirudi karibu, furaha yake huonekana: Novemba 2021 Namungo walipowakaribisha Yanga katika Uwanja wa Ilulu, mjini Lindi, wakatoka sare ya 1-1, watu wa pwani hawakuhitaji kufunga safari ya Dar es Salaam.

Je, nyasi zikibadilishwa, kumbukumbu nazo zinang'olewa? La hasha! Mfano upo Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliteremshwa katika Uwanja wa Taifa, huu tunaouita leo Uhuru. Oktoba 1999 Watanzania walipanga foleni humo kumuaga Mwalimu Nyerere. Baadaye uwanja huo huo uliwekwa nyasi bandia. Udongo uliokanyagwa usiku ule wa 1961 ukafunikwa, lakini sijamsikia mtu akisema ati uhuru ulifunikwa nao.

Watu wa Kilwa wanalijua hilo zaidi yetu. Pale Kilwa Kivinje, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga, miongoni mwao Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, panaitwa Mwembe Kinyonga mpaka leo. Mti huota na mti huanguka. Jina hubaki kwa sababu watu wanalitamka na wanawasimulia watoto wao.

Lakini nisiwasifu mno wauza nyasi za plastiki. Hata Ulaya hawakukubaliana. Queens Park Rangers wa London walizitandika mwaka 1981, na mwaka 1988 wakaziondoa. Wachezaji wa Kombe la Dunia la Wanawake mwaka 2015 kule Canada walilalamika wazi kuchezeshwa juu yake. Jua la pwani likiwaka, plastiki hupata moto kuliko majani. Nazo huchakaa, zinataka kusuguliwa na kubadilishwa, na hiyo ni fedha. Nyasi za asili nazo zinataka maji wakati wa kiangazi. Hakuna nyasi za bure.

Kinachonitia hofu zaidi ni kufuli. Uwanja ukishatengenezwa kwa fedha nyingi, hutokea bwana mmoja akautia mnyororo langoni, watoto wa mtaa wakabaki wanachungulia. Hapo ndipo uwanja unapokufa kweli. Mtoto asiyeruhusiwa kuukanyaga leo hatakuwa na cha kuusimulia akizeeka.

Basi ndugu wenye mamlaka ya viwanja, ng'oeni nyasi zilizochoka, wekeni bora mnazoweza kuzitunza. Ila kabla ya tingatinga, waiteni wazee waliochangia muwaeleze. Jina msilifute. Na mkimaliza kazi, wekeni ratiba ya siku za timu kubwa na siku za watoto.

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaaliwa, tukutane wiki ijayo.