Ada, Minerivali na Bure: Historia Fupi ya Malipo ya Malezi, Ikitazamwa Kutoka Sonatubes

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Kigali akipitia Rwandex kuelekea Kicukiro hufika kwenye njia panda iitwayo Sonatubes. Jina hilo si la kilima wala la mtemi. Ni jina la kiwanda cha mabomba, na kama ilivyo desturi ya miji yetu, kiwanda kikawa kituo cha basi, na kituo kikawa jina la mahali. Alfajiri njia panda hiyo hupitwa na wafanyakazi wanaowahi kazini, na hupitwa pia na wazazi waliowashika mikono watoto wa miaka mitatu na minne. Mara nyingi mfanyakazi na mzazi ni mtu yule yule. Hapo ndipo linapozaliwa swali la makala haya: mzazi aendapo kazini, ni nani amleaye mtoto wake, na ni nani alipaye gharama ya malezi hayo?

Swali hili si geni, na jibu lake halikupatikana kwa siku moja. Sehemu ya historia yake imehifadhiwa ndani ya maneno ambayo sisi walimu wa lugha huyatamka kila siku bila kuyatazama usoni. Yafaa basi tuyatazame.

I. Ada na minerivali

Neno letu *ada* lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni desturi, yaani jambo lililozoeleka. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, alichopewa mwalimu kilikuwa kweli desturi: zawadi mtoto aanzapo, na zawadi nyingine akihitimu. Kiasi kilifuata uwezo wa mzazi na heshima aliyokuwa nayo kwa mwalimu. Polepole neno likahama, likawa jina la malipo yenye kiasi maalumu na siku maalumu. Kilichokuwa mazoea ya hiari kikawa deni.

Nchini Rwanda safari ilikuwa nyingine. Mzazi wa huko husema *amafaranga y'ishuri*, fedha za shule, lakini hutumia pia neno *minerivali*. Neno hilo lilifika pamoja na utawala wa Wabelgiji, waliotwaa nchi hiyo mwaka 1916 na kuondoka mwaka 1962. Katika Kifaransa cha Ubelgiji *minerval* ni karo, na asili yake ni Kilatini: lilikuwa jina la malipo ambayo wanafunzi wa Roma ya kale walimpa mwalimu wao, kwa heshima ya Minerva, mungu wa kike wa elimu na ufundi. Nalo neno *ishuri*, kama *shule* yetu, asili yake ni Kijerumani, lugha ya watawala waliotangulia. Hivyo jengo limebeba jina la mkoloni wa kwanza, na malipo ya kuingia ndani yake yamebeba jina la mkoloni wa pili.

II. Incuke na irerero

Maneno ya malezi yenyewe, kinyume chake, ni ya wenyeji. Shule ya watoto wadogo huitwa *ishuri ry'incuke*. *Incuke* ni mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa. Kituo cha malezi huitwa *irerero*, kutokana na kitenzi *kurera*, ambacho ni ndugu wa damu wa *kulea* kwetu. Anayefahamu sheria za sauti za lugha za Kibantu ataona mara moja kuwa ni mzizi mmoja.

Undugu huo wa maneno waonyesha jambo la maana: kulea ni kazi iliyokuwapo kabla ya shule, kabla ya fedha, na kabla ya mpaka. Bibi, shangazi, dada mkubwa na jirani waliifanya bila hesabu kuandikwa. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Lakini mji huipunguza mikono. Aliyehamia Kigali kutafuta kazi alimwacha bibi kilimani, na jirani yake mpya naye ana saa ya kuingia kazini. Kazi iliyokuwa ya ukoo ikatafuta mwenye kuifanya kwa malipo.

Wa kwanza kuifanya alikuwa yaya. Neno hili nalo limevuka mpaka, kwani hata Kinyarwanda husema *yaya*. Mara nyingi yeye ni msichana aliyeiacha shule kijijini ili mtoto wa mwingine apate kulelewa mjini. Malezi ya aina hii huonekana kuwa rahisi kwa sababu sehemu kubwa ya gharama yake hulipwa na msichana huyo kwa masomo aliyoyakosa, na gharama hiyo haiandikwi katika stakabadhi yoyote.

Wa pili walikuwa wazazi wenyewe. Wakati wa utawala wa Habyarimana, nafasi katika shule za sekondari za serikali ziligawanywa kwa sera iliyoitwa *iringaniza*, yaani mizani ya makabila na mikoa, na watoto wengi waliofaulu walifungiwa mlango. Katika miaka ya 1980 wazazi wa Kigali walichanga fedha wakaanzisha shule yao, APACOPE, ili watoto waliokataliwa wapate pa kusomea. Kwa wazazi hao karo haikuwa bei ya anasa. Ilikuwa gharama ya kunyimwa haki. Tukisahau jambo hilo hatutaelewa kwa nini shule ya kulipia, nchini Rwanda, ina historia isiyolingana na ile ya shule za matajiri mahali pengine.

III. Njia panda yenyewe

Historia ya malezi haiwezi kuandikwa kutoka Sonatubes bila kutaja tarehe 11 Aprili 1994. Siku hiyo askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, wakawaacha nyuma watu zaidi ya elfu mbili waliokuwa wamekimbilia humo, watoto wakiwamo. Waliobaki walijaribu kwenda uwanja wa Amahoro. Walizuiwa hapo Sonatubes, wakaswagwa hadi kilima cha Nyanza, na wengi mno wakauawa huko. Leo pana kumbukumbu yao.

Baada ya mauaji ya kimbari, nchi ilijaa watoto wasio na mlezi. Baadhi walipokelewa katika nyumba zisizo za ukoo wao, na baadhi waliwalea wadogo zao wenyewe. Twaweza kusema kwamba swali la nani amlee mtoto halikuwa tena swali la nyumba moja moja. Lilikuwa limekuwa swali la taifa.

IV. Bure, yaani ku buntu

Mwaka 2003 serikali ya Rwanda iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na katiba ya mwaka huo huo ikatamka kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni bila malipo. Mwaka 2009 elimu ya miaka tisa ilianza, na mwaka 2012 ikaongezwa kufikia miaka kumi na miwili. Hata hivyo ngazi hiyo ilijengwa kuanzia katikati kwenda juu. Watoto wa incuke walibaki chini yake. Sera ya malezi ya utotoni ilitolewa mwaka 2011, na tangu hapo vituo vingi vimeanzishwa, vingine katika nyumba za wazazi ambao hupokezana zamu ya kuwaangalia watoto wa kitongoji. Hapo bibi wa zamani amerudi kwa njia nyingine.

Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba katika shule za umma na zile zinazosaidiwa na serikali, mtoto wa incuke na wa msingi halipi karo. Mzazi atachangia faranga 975 tu kwa muhula, kwa ajili ya chakula. Kiasi hicho hakikuokotwa njiani. Mlo mmoja ulikadiriwa kuwa faranga 150, serikali ikabeba 135, mzazi akabeba 15, na siku 65 za muhula zikizidishwa kwa 15 hutoa 975. Mchango wa ziada haukuachiwa mwalimu mkuu peke yake, bali uliwekwa mbele ya mkutano mkuu wa wazazi.

Huo ni utaratibu wa haki, kwa kuwa mzazi aweza kuuhesabu mwenyewe. Lakini utaratibu una mipaka yake. Shule ya binafsi haimo ndani yake, na ndiyo mara nyingi iliyo karibu na mzazi wa mjini aliyekosa nafasi katika shule ya umma. Tena likizo ya uzazi, iliyoongezwa mwaka 2023 kutoka majuma 12 hadi 14, humalizika mtoto akiwa hajakaa vizuri, na shule ya incuke humpokea afikapo miaka mitatu. Kati ya majuma 14 na miaka mitatu pana pengo refu, na pengo hilo mzazi hulivuka kwa fedha yake, kwa yaya, au kwa kuiacha kazi. Anayeiacha kazi, mara nyingi, ni mama.

V. Yaliyowapata wengine

Majirani walitangulia kuonja utamu na uchungu wa neno hili. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi. Kenya ilifuta karo ya madarasa manne ya kwanza kuanzia Januari 1974, lakini muda si muda kamati za shule zikatoza fedha za majengo, na mahali pengi fedha hizo zikaizidi karo iliyofutwa. Tanzania Bara iliondoa karo ya msingi mwaka 1973, michango ikarudi katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikabidi kuifuta tena. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliianza safari mahali panapostahili, kwa kuyataja madarasa ya awali pamoja na mengine.

Hata nchi tajiri hazikusalimika. Nchini Uingereza watoto wa miaka mitatu na minne hupewa saa 15 za malezi kwa juma bila malipo, kwa majuma 38 ya mwaka. Tangu 2017 wenye wazazi wanaofanya kazi waliongezewa hadi saa 30, na kuanzia 2024 haki hiyo ikashushwa kwa hatua hadi watoto wa miezi tisa. Lakini wenye vituo hulalamika kwamba fedha za serikali hazitoshi, nao wazazi hulalamika kwamba hutozwa chakula, nepi na vitu vya ziada, ingawa mwongozo wa serikali husema malipo hayo yasiwe sharti la mtoto kupokewa.

Kenya ya 1974 na Uingereza ya leo zatufundisha somo moja. Malipo yakifukuzwa mlangoni bila kuwekwa fedha nyingine mahali pake, hurudi kupitia dirishani yakiwa na jina jipya.

VI. Hitimisho

Neno *bure* katika Kiswahili lina sura mbili. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa, lakini kazi bure ni kazi isiyo na faida. Lugha yenyewe yatuonya kwamba kisichogharimiwa na mtu yeyote huweza kuwa si kitu. Kinyarwanda husema *ku buntu*, na *ubuntu* ni ule utu na ukarimu tuujuao sote. Kwa fahamu ya lugha hiyo, kitu cha bure si kitu kisicho na gharama. Ni kitu ambacho mwingine amekigharamia kwa utu wake.

Hapo walimu wa Kiswahili tuna kazi, hasa tangu lugha yetu ilipofanywa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Tuwafundishe wanafunzi wetu, ambao ni wazazi wa kesho, kutofautisha maneno. Ada ni malipo yaliyotangazwa kabla. Mchango ni utoaji wa hiari baada ya mashauri. Mchango wenye kiasi maalumu, siku ya mwisho, na mtoto kurudishwa nyumbani asipolipiwa, huo si mchango. Ni ada iliyojificha. Mzazi anayelijua hilo ataingia katika mkutano wa shule akiwa na maswali matatu: ni nani aliyekipanga kiasi hiki, kimehesabiwaje, na asiyekuwa nacho mtoto wake atafanywaje? Haya ni maswali ya lugha kwanza, kisha ni maswali ya haki.

Watoto wanaoshikwa mikono hapo Sonatubes alfajiri hawajui minerivali wala ada. Wanachojua ni mkono uliowashika. Wajibu wa umma ni kuhakikisha kwamba mkono huo, ufikapo saa ya kwenda kazini, unapata mwingine wa kuupokeza mtoto, na kwamba bei ya kupokezana huko haimlazimishi msichana wa kijijini kuacha shule wala mama wa mjini kuacha kazi.