Daftari la ubatizo nalo lina habari zetu

Hapa Uthiru ninapoishi, jirani na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, wageni ni wengi. Mmoja wao, Mswisi, alinionyesha pasipoti yake. Haikuandikwa alipozaliwa. Imeandikwa mji wa asili wa ukoo wake, ambao yeye hajawahi kuishi hata siku moja. Nikacheka, kwani ndivyo tulivyo na sisi: mtu amezaliwa Kisauni, lakini ukimuuliza ni wa wapi atakwambia Siyu.

Desturi hiyo huwarahisishia Waswisi kutafuta mababu, maana wanajua mji wa kuanzia. Serikali yao ilianza kuandikisha vizazi na vifo nchi nzima mwaka 1876. Kwa miaka ya nyuma yake hutegemea madaftari ya parokia ya ubatizo, ndoa na maziko, na Zürich walikuwa nayo tangu miaka ya 1520. Taabu yao ni mwandiko wa kale wa Kijerumani, na Kilatini cha mapadri.

Sasa tuje kwetu. Uandikishaji wa vizazi Kenya ulianza na Wazungu mwaka 1904. Waafrika waliingizwa kwa awamu, na nchi nzima haikufikiwa mpaka 1971. Sisi Waislamu tuna hati za ndoa chini ya sheria ya 1906, tuna makadhi, na tuna nasaba za mdomo. Lakini ndugu msomaji, unazijua zile nyumba ambazo nasaba hukatika kwa babu mmoja na wazee wakageuza mazungumzo. Aghalabu babu huyo aliletwa mwambao akiwa mateka. Mtoto wa jamaa zangu alipoomba kitambulisho alitakiwa karatasi za babu yake, na nyumba nzima ikabaki kutazamana.

Ikiwa mateka huyo aliokolewa na manowari za Kiingereza, huenda jina lake limo kanisani, hata kama wajukuu leo wanaswali. Freretown ilianzishwa 1875 kuwapokea watu hao. Rabai ni ya zamani zaidi, kituo cha tangu 1846 cha Krapf na Rebmann, ambao wote wawili walisomea Basel, Uswisi. Huko Rabai walikimbilia watoro wengi, na Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza aliwapa zaidi ya 1,400 karatasi za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa fidia. Kwa upande wa Wakatoliki kuna Bagamoyo, tangu 1868.

Anzia kwa bibi, si kwa kasisi. Uliza jina la zamani, mtaa, na nani alisimamia harusi. Kisha nenda afisi ya parokia yenyewe kwa adabu, ukiwa na mwaka wa kukisia, kwa sababu madaftari hufuata tarehe na si herufi. Barua na taarifa za wamisionari wa CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Za serikali ya kikoloni ziko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Kutoka Uthiru ni matatu moja tu kwa Waiyaki Way.

Jihadhari na majina. Mtoto aliyetoka Nyasa akiitwa jina la Kiyao aliandikwa James, na akina James ni wengi. Wengine walipelekwa kwanza India, wakalelewa Nasik, kisha wakarudishwa Mombasa wakiwa na majina ya huko. William Jones na Ishmael Semler, waliopewa ushemasi 1885, walikuwa wa kundi hilo. Kwa familia kama hizo njia hupitia Bombay kabla ya kufika bara. Kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, kitakusaidia kuelewa maisha ya Freretown, kwani baba yake alikuwa mmoja wa waliookolewa.

Ukilipata jina, usinakili mstari huo peke yake. Nakili ukurasa mzima. Pale penye nafasi ya wazazi huenda pakawa patupu, lakini waliobatizwa siku moja mara nyingi walitoka jahazi moja, na mashahidi huwa ni watu waliowajua. Pengine mjukuu wa mmoja wao bado yuko Kongowea, na nyumbani kwao jina la asili halijasahauliwa.