Waafrika wa Beijing, 1962

Hapa Carama, kijana anayesoma China akirudi likizo tunamuuliza bei ya simu na habari za baridi. Siasa ya huko haulizwi, na yeye hasemi.

Waliomtangulia walisema. Machi 1962 mwanafunzi kutoka Zanzibar alipigwa na wafanyakazi wa hoteli moja Beijing, kisa sigara. Wanafunzi wenzake Waafrika walikusanyika, wakajadiliana, wakagoma. Emmanuel Hevi wa Ghana, aliyekuwa mmoja wao, anaandika katika kitabu chake cha 1963 kwamba kati ya Waafrika 118 waliokuwa wakisoma huko, 96 waliondoka au walikuwa wakijiandaa kuondoka. Analalamikia ubaguzi, upweke na mafundisho ya siasa.

Namwamini, ila si kwa yote. China ilikuwa ikitoka katika njaa kali, na posho ya mgeni ilizidi mbali ya mwenyeji. Hasira ya wenyeji haikuwa ya rangi peke yake. Tena aliyepigwa, mtu wa lugha yetu, anasimuliwa tu, kwa Kiingereza. Mzanzibari mwingine, Abdulrahman Babu, aliyeitembelea China miaka hiyohiyo, alirudi akiwa rafiki yake mkubwa.