Maagizo na Maelezo ya Mchakato: Kutoka kwa Mwana Kupona hadi Karatasi ya Insha

Maagizo ni utungo unaomwelekeza msomaji atende jambo. Maelezo ya mchakato humweleza jinsi jambo linavyotendeka, hata kama yeye mwenyewe hatalitenda kamwe. Aghalabu sisi walimu hufundisha tungo hizi mbili katika kipindi kimoja, pamoja na resipe, kana kwamba ziliingia katika Kiswahili kupitia silabasi. Makala haya yanashikilia kwamba zina historia ndefu katika lugha yenyewe, na kwamba historia hiyo inatukumbusha kitu ambacho chumba cha mtihani kimekificha: mlengwa.

Mwana Kupona, 1858

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amuusie bintiye Mwana Hashima. Wahakiki wamejadili sana taswira ya mwanamke katika utenzi huo, na mjadala huo una haki yake. Hapa tuangalie umbo tu. Mshairi ana mlengwa mmoja anayemjua vyema. Anamwelekeza kwa kufuata mtiririko wa maisha ya nyumbani: mume anapolala, anapoamka, anapotoka na anaporejea. Utungo wa namna hii hutegemea hali ya kuamuru na hali tegemezi: nenda, uende, usiende. Aidha, mshairi huonyesha faida ya maagizo yake, duniani na Akhera.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, 1903

Miaka 45 baadaye, Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli mjini Göttingen, Ujerumani. Mchango mkubwa katika kitabu hicho ni wa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin. Msomaji wa kitabu hiki hakuwa akijiandaa kuoa Bagamoyo. Alitaka kujua mtoto hulelewa vipi, ndoa hufungwa vipi na maiti huzikwa vipi. Kwa mlengwa wa aina hiyo, lugha hubadilika: kiambishi hu- hushika nafasi ya amri, na -ki- huunganisha hatua moja na nyingine. Likitendeka hili, hufuata lile. Kwa kuwa msomaji ni mgeni, hakuna hatua inayoweza kuachwa kwa kudhani kwamba anaijua.

Mlengwa anapotoweka

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Katika karatasi ya Insha (102/1), yenye maksi 40, swali la kwanza limekuwa la lazima na hutahini uandishi wa kiuamilifu. Hilo lilikuwa jambo jema, kwani liliipa lugha ya kazi hadhi darasani. Lakini mtahiniwa humwandikia mtahini, na mtahini tayari anajua chai hupikwa vipi. Hatua ikirukwa, hakuna anayeungua. Kipimo kikikosekana, hakuna anayeugua. Mwanafunzi huzoea kuandika "tia chumvi kiasi" na kupita.

Nje ya darasa mambo ni tofauti. Tuchukue maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayehara:

(a) Chemsha maji lita 1, uyaache yapoe. Tia sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vilivyosawazishwa. Koroga mpaka viyeyuke.

(b) Maji lita 1 huchemshwa, yakapoa. Kisha hutiwa sukari na chumvi, yakakorogwa.

(c) Mama alichemsha maji, akayaacha yapoe, akatia sukari na chumvi.

Utungo (a) ni maagizo, (b) ni maelezo ya mchakato na (c) ni masimulizi. Watahiniwa wengi huanza na (a) na kumalizia na (c) bila kujua kwamba wamehama. Pia, ni (a) pekee inayomfaa mzazi aliye jikoni usiku wa manane, kwa sababu chumvi ikizidi mtoto hudhurika. Vivyo hivyo, bahasha ya dawa iliyoandikwa "1 x 3" humwacha mgonjwa akijiuliza: ni vidonge 3 kwa pamoja, au kidonge 1 mara 3 kwa siku?

Mapendekezo kwa mwalimu

Kwanza, swali litaje mlengwa: mdogo wako wa darasa la nne, au mgeni asiyewahi kuona jiko la makaa. Pili, wanafunzi wabadilishane tungo, na kila mmoja atende yale tu yaliyoandikwa na mwenzake. Kama hakuambiwa afungue kifuniko, asikifungue. Upungufu utaonekana kabla ya kalamu nyekundu kufika. Tatu, wanafunzi wageuze utungo mmoja kutoka (a) hadi (b), ili sarufi na insha zisiwe masomo mawili yasiyojuana.

Mtaala wa umilisi unasisitiza matumizi ya lugha katika maisha halisi. Hilo si geni katika Kiswahili. Mwana Kupona alikuwa na binti wa kumwelekeza, naye Mtoro alikuwa na mgeni wa kumweleza. Mwanafunzi wetu naye apewe mtu wa kumwandikia.