Wahusika Waliosahaulika: Katuni za Kiswahili na Mkusanyaji Mdogo wa Endabash

Kila anayesimulia historia ya katuni za Kiswahili huanza na majina yaleyale. Juha Kalulu wa Edward Gitau alizaliwa Kenya miaka ya 1950, akawachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Tanzania ikampata Chakubanga, kazi ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana wa enzi hizo walimfuata pia mpelelezi Lance Spearman katika jarida la African Film, huku Faraji Katalambula, mwandishi wa Simu ya Kifo (1965), akitoa jarida la Kiswahili la hadithi za picha za kupigwa.

Kisha likaja jarida la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo Philip Ndunguru aliwachora Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Madenge, yule mwanafunzi mtukutu. Ndunguru alifariki 1986 akiwa bado kijana, lakini wachoraji wenzake waliwaendeleza wahusika wake, na Madenge akavuka kizazi kimoja hadi kingine.

Hao ndio nyota. Pembeni yao walikuwamo wengine waliochorwa matoleo machache, wakatoweka. Hao nao ni historia, na hapo ndipo mtoto wa kijijini anapoingia.

Endabash, wilayani Karatu, iko mbali sana na mitambo ya uchapaji ya Dar es Salaam. Mtoto wa huko hawezi kufuata hadithi toleo kwa toleo. Husoma kinachomfikia: gazeti lililokuja na abiria, nakala iliyokosa jalada, au karatasi iliyofungiwa karanga. Kwa hiyo mtoto huyo anaweza kuwa wa kwanza kumjua mhusika asiyejulikana mjini, na kumpenda kuliko nyota. Tena katika nyumba inayozungumza Kiiraqw, katuni humfundisha Kiswahili cha mtaani ambacho kitabu cha shule hakina. Anapozitunza karatasi hizo chini ya godoro, anatunza pia lugha ya wakati wake.

Marekani waliitambua mapema thamani ya kutunza magazeti ya katuni. Superman alipotokea mwaka 1938, gazeti lake liliuzwa senti 10. Mwaka 2014 nakala moja ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Lakini zaidi ya fedha, wakusanyaji waliandika orodha. Kitabu cha Robert Overstreet, kilichoanza kutoka 1970, kiliyaorodhesha magazeti makubwa na madogo, na hivyo hata mhusika wa toleo moja akabaki na anuani katika kumbukumbu.

Kwetu adui ni mchwa, mvua na jiko la kuni. Gazeti la katuni lilichapwa kwenye karatasi duni, lilisomwa na watu wengi, likaishia kuwashia moto. Kila nakala iliyosalia ina thamani.

Basi ndugu msomaji, uwe Endabash, Mang'ola au Kariakoo, fungua sanduku la zamani. Ukikuta hata ukurasa mmoja, upige picha, andika jina la gazeti, namba ya toleo, mwaka na jina la mchoraji, kisha peleka nakala maktaba ya mkoa wako. Usianze na Madenge, yeye ana watetezi. Anza na yule ambaye hakuna mwingine anayemkumbuka.