Menyu ya Kitufe cha Kulia: Historia Fupi ya Amri Zisizotakiwa katika Kompyuta ya Nyumbani

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo linaloonekana dogo, nalo ni ile orodha ya amri inayojitokeza kwenye kioo cha kompyuta mtumiaji anapobofya kitufe cha kulia cha kipanya. Kompyuta ikiwa mpya, orodha hiyo huwa fupi: kufungua, kunakili, kubandika, kubadili jina, kufuta, kutazama sifa za faili. Baada ya mwaka mmoja au miwili huwa imerefuka. Programu ya kubana mafaili imeongeza mistari yake, ya kuzuia virusi imeongeza wake, ya muziki vilevile. Nyingine iliyokwisha kuondolewa imeacha mstari usiofanya kazi yoyote. Mwenye kompyuta hutafuta amri anayoihitaji kati ya amri ambazo hakuziomba.

Wengi hudhani kwamba msongamano huo hutokana na uzembe wa mtumiaji. Tutajaribu kuonyesha kwamba sivyo. Chanzo chake ni uamuzi wa kihistoria uliofanywa katika mfumo wa Windows mwaka 1995: programu zilipewa haki ya kujiandikisha zenyewe katika menyu, lakini mwenye nyumba hakupewa chombo chepesi cha kuzitoa. Historia ya kuondoa amri zisizotakiwa ni historia ya mtumiaji kuidai upya mamlaka juu ya mashini yake.

2. Kipanya na vitufe vyake kabla ya mwaka 1995

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika taasisi ya Stanford Research Institute, Marekani. Wazo lilikuwa la Douglas Engelbart, na aliyekiunda kwa mikono ni Bill English. Kilikuwa cha mbao, na kilikuwa na kitufe kimoja. Engelbart alipokionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, vitufe vilikuwa vimekuwa vitatu. Tangu hapo swali likazuka: kila kitufe kifanye kazi gani?

Watafiti wa Xerox PARC, waliounda kompyuta ya Alto mwaka 1973, walibaki na vitufe vitatu. Katika mazingira ya lugha ya Smalltalk walitumia kitufe kuleta menyu papo hapo palipo na mshale, badala ya kumlazimu mtumiaji kuifuata pembeni mwa kioo. Hapo ndipo penye mzizi wa menyu tunayoijadili. Kampuni ya Apple ilikata shauri tofauti. Kompyuta zake za Lisa (1983) na Macintosh (1984) zilikuwa na kipanya cha kitufe kimoja, ili anayeanza kujifunza asijiulize kamwe abofye wapi. Amri zote ziliwekwa juu ya kioo, mahali pamoja pasipobadilika.

Mwaka 1992 IBM ilitoa OS/2 toleo la 2.0, ambamo kila kitu kilichokuwa kwenye kioo kilikuwa na menyu yake iliyoitwa kwa kitufe cha kulia. Windows 3.1, iliyotoka mwaka huohuo, haikuwa na desturi hiyo. Hata hivyo ilikuwa na jambo jingine ambalo lingekuja kuwa na uzito mkubwa: daftari dogo la kuandikisha aina za mafaili na programu zinazoyafungua.

3. Uamuzi wa mwaka 1995

Windows 95 ilitolewa tarehe 24 Agosti 1995. Ndani yake mambo mawili tuliyoyataja yalikutana. Kwanza, kitufe cha kulia kilipewa kazi moja iliyo wazi katika mfumo mzima, yaani kuleta menyu ya kitu kilichobofywa. Pili, lile daftari dogo lilikuzwa likawa Rejista, ghala kuu la maagizo ya mfumo na ya programu zote.

Programu iliweza kuingia katika menyu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuandika mstari katika Rejista, wenye jina la amri na mahali ilipo programu ya kuitekeleza. Njia ya pili ni kuandikisha kipande cha programu ambacho mfumo wenyewe hukiita kila menyu inapofunguliwa, nacho huamua wakati huo ni mistari gani iongezwe. Njia hii ya pili ina nguvu zaidi, na pia ina hatari zaidi. Kipande hicho hufanya kazi ndani ya Explorer, programu inayoonyesha mafaili na folda. Kikiwa kizito, menyu huchelewa kujitokeza. Kikiwa na kasoro, Explorer yote huweza kuanguka. Kwa hiyo suala la amri zisizotakiwa si la urembo tu.

Haki hiyo ilikuwa na manufaa yake. Mwenye kutaka kubana folda nzima ili aitume aliweza kufanya hivyo kwa kubofya mara mbili tu. Lakini kila mtengenezaji aliona kwamba nafasi katika menyu ni tangazo lisilo na gharama. Katika nyumba za Waswahili mgeni hupiga hodi, akasubiri aitikiwe karibu. Programu nyingi hazikupiga hodi; ziliingia wakati wa kuwekwa, na mwenyeji akazigundua zimekwisha keti.

4. Njia za kuondoa

Windows 95 ilikuja na Regedit, chombo cha kufungua Rejista na kuihariri. Hata hivyo hakikuwekwa kwenye menyu ya programu za kawaida, kwani kilikusudiwa mafundi. Mtumiaji wa nyumbani aliyetaka kuondoa mstari mmoja alilazimika kuingia mahali ambapo kosa dogo lingeweza kuuharibu mfumo mzima. Ndiyo maana utaratibu uliozoeleka baadaye kati ya watumiaji makini unaanzia mbali na Rejista, na kuifikia mwishoni.

Hatua ya kwanza ni kuiondoa programu yenyewe kwa njia rasmi, ikiwa haihitajiki. Hatua ya pili, ikiwa programu inahitajika lakini mistari yake haitakiwi, ni kutazama mipangilio yake. Programu za kubana mafaili kama 7-Zip na WinRAR humruhusu mtumiaji kuchagua ni amri zipi zionekane. Hatua ya tatu ni kutumia chombo cha kusaidia. Autoruns ya Sysinternals na ShellExView ya NirSoft huorodhesha vile vipande vilivyoandikishwa, pamoja na jina la mtengenezaji wa kila kimoja, na huwezesha kukizima bila kukifuta. Ubora wa kuzima ni kwamba mtu akikosea huwasha tena.

Hatua ya mwisho ni Rejista. Amri za menyu hukaa zaidi chini ya tawi liitwalo HKEY_CLASSES_ROOT: zinazohusu mafaili yote huwa chini ya alama ya nyota, zinazohusu folda huwa chini ya Directory na Folder, na zinazotokea mtu anapobofya mahali patupu huwa chini ya Directory\Background. Ndani ya kila tawi, mistari ya njia ya kwanza imo katika shell, na vipande vya njia ya pili vimo katika shellex\ContextMenuHandlers. Kabla ya kugusa chochote, ni lazima tawi husika lihifadhiwe katika faili la pembeni, ambalo likibofywa hurudisha hali ya awali. Tena, kwa mistari ya njia ya kwanza, si lazima kufuta: ukiongeza ndani ya ufunguo wake thamani tupu iitwayo LegacyDisable, mstari hutoweka, ukiongeza iitwayo Extended, huonekana tu mtu akishikilia Shift anapobofya.

5. Marekebisho yaliyofuata

Apple ilikubali menyu ya namna hii katika Mac OS 8 mwaka 1997, kwa kubofya huku ufunguo wa Control umeshikiliwa. Mwaka 2009, katika Mac OS X 10.6, amri zinazoongezwa na programu ziliwekwa katika orodha moja ndani ya mipangilio ya mfumo, na mtumiaji akaweza kuondoa alama mbele ya asiyoitaka. Mfano huu unathibitisha hoja yetu: kumpa mwenyeji funguo za mlango wake hakukuwa jambo lisilowezekana.

Microsoft ilichukua hatua mwaka 2021. Wakati wa kuitayarisha Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba mwaka huo, kampuni hiyo ilikiri kwamba menyu ilikuwa imekua bila udhibiti kwa takribani miaka 20. Ikaleta menyu mpya iliyo fupi, na ile ya zamani ikafichwa nyuma ya mstari wa kuonyesha chaguo zaidi. Programu itakayo kuingia katika menyu mpya hulazimika kujitambulisha kwa utaratibu mkali zaidi. Lakini aliyeamua nini kibaki na nini kifichwe alikuwa ni mtengenezaji wa mfumo. Haishangazi kwamba watumiaji wengi walirudi palepale katika Rejista, safari hii ili wairudishe menyu ya zamani.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba menyu ya kitufe cha kulia ilizaliwa ili kumkaribishia mtumiaji amri zake, na kwamba ilisongamana kwa sababu haki ya kuingia iligawiwa kwa wote ilhali haki ya kutoa ilifichwa. Urefu wa menyu ulikuwa dalili tu. Kiini cha suala ni nani mwenye neno la mwisho katika kompyuta iliyonunuliwa kwa fedha za mtu na kuwekwa nyumbani kwake. Katika vyuo vyetu, ambako mashini moja hutumiwa na wengi na kwa miaka mingi, elimu hii haipaswi kuachiwa mafundi peke yao. Mwanafunzi anayejua mstari ulitoka wapi, na jinsi ya kuuzima bila kuharibu, amekwisha kupiga hatua kutoka kuwa mteja wa kompyuta hadi kuwa mwenyeji wake.